Ruhusa ya Mume na Safari ya Nahodha



Kuanzia tarehe 21 Novemba hadi tarehe 7 Desemba 2025, nchi ya Ufilipino ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la futsali kwa wanawake. Lilikuwa la kwanza kuandaliwa na Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, ambalo kwa upande wa wanaume lilianza kombe kama hilo tangu mwaka 1989. Timu 16 zilikwenda. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, baada ya mabinti wake kufika fainali ya Kombe la Afrika mjini Rabat mwezi Aprili mwaka huo na kufungwa na wenyeji wao, Morocco, kwa mabao 3–2. Morocco nayo ilikwenda. Na kutoka bara la Asia, pamoja na Japani na Thailand, ilikwenda Iran.

Tangu wakati huo, penye wazazi wa mabinti hapakosekani mazungumzo ya jambo hili. Wapo wanaofurahi, wapo wanaoguna, na wapo wanaouliza kwa nia njema kabisa: je, yafaa? Swali hilo ni fupi, lakini ndani yake yamo maswali matatu. La kwanza ni la vazi: binti wa Kiislamu atacheza akiwa amevaaje? La pili ni la watazamaji: atacheza mbele ya nani? La tatu ni la safari na ruhusa: nani ataamua kwamba aende au asiende, na ataamua lini na kwa njia gani? Tukiyachanganya maswali haya, tutagombana bure, maana mmoja atakuwa anajibu la vazi ilhali mwenziwe anauliza la safari.

Nimeichagua Iran kuwa mfano wetu wa leo kwa sababu ni nchi ambayo maswali yote matatu yamekwisha kujaribiwa uwanjani, ofisini na nyumbani. Wengi wa wananchi wake ni Mashia Ithnaashari, na sheria zao za ndoa zimejengwa juu ya fiqhi ya Jaafari, hali Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Masunni wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu). Kwa hiyo simwiti msomaji achukue hukumu zao. Namwita azingatie yaliyowafika, kwani mwenye busara hujifunza kwa mwenziwe kabla hayajamfika yeye.

Mchezo wenyewe

Kwa wasioujua, futsali ni kandanda ya ukumbini. Ilianza mjini Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, kwa ubunifu wa mwalimu mmoja aitwaye Juan Carlos Ceriani, aliyetaka vijana wake wacheze hata pale viwanja vya nje visipofaa. Kila timu huwa na wachezaji watano, mlinda mlango akiwemo. Uwanja wa mashindano ya kimataifa una urefu wa takriban mita 40 na upana wa mita 20. Mpira wake ni mdogo kuliko ule wa kandanda ya kawaida, na haudundi sana. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 20 kila kimoja, na saa husimamishwa kila mpira unapotoka, kiasi kwamba hakuna faida ya kupoteza wakati. Wachezaji hubadilishwa mara nyingi wapendavyo. Timu ikifikisha kosa la sita katika kipindi kimoja, wapinzani hupewa mkwaju usio na ukuta wa mabeki.

Ni mchezo wa akili nyepesi na miguu myepesi, na jambo moja katika maumbile yake limeufanya upate makazi mema katika nchi za Kiislamu: unachezwa ndani ya kuta nne. Ukumbi una mlango, na mlango hufungwa.

Vazi

Tuanze na swali la kwanza. Mwaka 2007 mwamuzi wa mechi ya watoto huko Quebec, Canada, alimtoa uwanjani binti wa miaka 11 kwa sababu ya hijabu yake. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za kandanda iliulizwa, nayo ikaunga mkono uamuzi ule. Hoja iliyotumika baadaye ilikuwa ya usalama: kwamba kitambaa kinachozunguka shingo chaweza kumkaba mchezaji kikivutwa.

Matokeo yake yalionekana mwezi Juni mwaka 2011 mjini Amman, Jordan. Timu ya wanawake ya Iran ilifika kucheza mechi ya kufuzu michezo ya Olimpiki ya London. Wachezaji walikuwa wamevaa vifuniko vyao vya kichwa. Wakazuiwa kucheza, na mechi ikahesabiwa kuwa wamefungwa 3–0. Picha za mabinti wale wakilia uwanjani zilizunguka dunia nzima.

Waislamu hawakuishia kwenye kulalamika. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, aliyekuwa miongoni mwa makamu wa rais wa FIFA, alilisimamia suala hilo. Zikashonwa hijabu zenye vibandiko vinavyoachia mara moja kitambaa kikivutwa, ikathibitika kwamba hofu ya kukabwa imeondoka, na mwaka 2012 bodi ile ikakubali zijaribiwe. Mwezi Machi mwaka 2014 ruhusa ikawa ya kudumu. Miaka tisa baadaye, tarehe 30 Julai 2023 mjini Adelaide, Australia, Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa.

Basi mzazi anayesema leo kwamba binti yake hawezi kucheza mpira kwa sababu atalazimishwa kuvua stara, na ajue kwamba sheria ya mchezo haimlazimishi. Akiona mwalimu au kiongozi wa timu anamlazimisha, amuulize sheria hiyo ameitoa wapi.

Watazamaji

Swali la pili ni zito zaidi. Mwaka 1993 Iran ilianzisha mjini Tehran michezo ya wanawake wa nchi za Kiislamu, ambamo wanaume hawakuruhusiwa kuwa watazamaji. Fikra ilikuwa wazi: stara ya mahali iongezwe juu ya stara ya vazi. Kwa miaka mingi mabinti wa Iran wamejifunza futsali katika kumbi zilizofungwa milango, wakitazamwa na mama zao, dada zao na wenzao.

Lakini timu ya taifa haishindani ukumbini kwake tu. Ikisafiri hucheza mbele ya wote, na kamera za televisheni huwa zipo. Hapo Iran imetosheka na vazi. Wanavyuoni wengine wa Kiislamu hawatosheki nalo, na hoja zao zina uzito unaostahiki kusikilizwa kwa adabu. Katika hili mimi si mufti, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Nakumbusha tu mapokezi mawili yajulikanayo. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda, na waliposhindana tena miaka iliyofuata, hali mwili wake umeongezeka, Mtume ndiye aliyeshinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Na katika mapokezi hayo imetajwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamuru masahaba watangulie mbele kwanza. Katika tukio hilo moja tunaona mambo mawili kwa pamoja: mke anakimbia na kucheka, na stara yake inalindwa. Anayeshika la kwanza akaliacha la pili amepunguza, na anayeshika la pili akaliacha la kwanza naye amepunguza.

Tena mtaani kwetu swali hili ni jepesi kuliko tunavyolifanya. Si kila binti anayecheza atafika timu ya taifa. Wengi wanahitaji saa moja ya mazoezi kwa wiki, katika ukumbi wa madrasa au wa shule, mlango umefungwa na mwalimu wa kike amesimama katikati. Hilo halihitaji fedha nyingi wala mjadala mrefu.

Ruhusa

Sasa tufike kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mwezi Septemba mwaka 2015 lilichezwa Kombe la Asia la kwanza la futsali kwa wanawake, huko Nilai, Malaysia. Timu 8 zilishiriki. Iran ilifika fainali na kuifunga Japani bao 1–0, ikawa bingwa wa kwanza wa bara zima. Lakini nahodha wake hakuwapo. Niloufar Ardalan, mwenye umri wa miaka 30, mchezaji ambaye mashabiki wa kwao walimpa lakabu ya Bibi Goli, alibaki Tehran. Hakuwa ameumia, wala hakuwa amefungiwa na mwamuzi. Kwa maelezo aliyowapa mwenyewe waandishi wa habari, mumewe hakukubali pasipoti yake ifanywe upya. Sababu iliyotajwa ni kwamba mtoto wao wa kiume, mwenye miaka 7, alikuwa anaanza shule siku hizo, na baba alitaka mama awepo. Jambo hili likazidi kuwashangaza watu walipojua kwamba mume huyo ni mwanahabari wa michezo.

Sheria iliyompa mume uwezo huo ni Sheria ya Pasipoti ya Iran, ibara ya 18, isemayo kwamba mwanamke aliyeolewa hupewa pasipoti kwa idhini ya maandishi ya mumewe, na katika dharura mwendesha mashtaka wa mji aweza kuitoa idhini hiyo. Wengi hudhani sheria hiyo ilizaliwa na mapinduzi ya mwaka 1979. Sivyo. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama za Shah, utawala uliojigamba kwa usasa. Nalitaja hili ili tusiwe wepesi wa kuubebesha Uislamu kila karatasi iliyopigwa muhuri katika nchi ya Waislamu, wala wepesi wa kuitetea kila karatasi hiyo kwa jina la Uislamu.

Nahodha yule hakutukana wala hakukimbia nchi. Alisema anatamani ziwekwe taratibu za kuwawezesha wanamichezo wa kike kutetea haki zao katika hali kama ile. Miezi miwili baadaye, timu ilipokuwa inakwenda Guatemala kwa mashindano ya dunia ya wakati huo, mamlaka za sheria zilimpa idhini ya safari ile moja, naye akasafiri. Mwaka 2018 mjini Bangkok, katika kombe la pili ambalo sasa lilikuwa na timu 15, Iran iliifunga tena Japani katika fainali, mara hii kwa mabao 5–2. Hata hivyo, kwa wake wengine tatizo halikwisha. Mwezi Februari 2021, mwalimu wa timu ya wanawake ya Iran ya kuteleza kwenye theluji, Samira Zargari, alizuiwa na mumewe kwenda Italia kwenye mashindano ya dunia, na timu yake ikaondoka bila yake.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa hukumu, kumbuka adabu ya kadhi: hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Tumesikia ya mke kwa urefu. Ya mume tumeyasikia kidogo. Huenda yapo ya chumbani tusiyoyajua, wala hatuna haki ya kuyajua. Na siku ya kwanza ya mtoto shuleni si jambo la kudharauliwa. Mtoto wa miaka 7 anapoingia lango la shule, huangalia nyuma kumtafuta mama yake. Baba aliyeliona hilo hakuona jambo la upuuzi.

Lakini tuulize pia: kombe lile lilipangwa lini? Mashindano ya bara huandaliwa miezi mingi kabla. Tarehe ya kufungua shule Iran hujulikana kila mwaka. Nahodha haanzi mazoezi usiku wa kuamkia safari. Huanza miaka kabla, na mume humwona akitoka na akirudi. Basi kama kuna lililokosekana katika nyumba kama hiyo, kwa vyovyote si nafasi ya kuzungumza. Ruhusa inapogeuka kuwa mlango unaofungwa dakika ya mwisho, haiongozi tena familia; huwa silaha ya mmoja juu ya mwenziwe. Na silaha ikishatumika nyumbani, hata ikiwekwa chini, wote wawili huwa wanajua imewekwa wapi.

Mashauriano

Dini yetu imempa mume usimamizi wa nyumba, na usimamizi ni amana. Tazama Qur'ani Tukufu inavyotufundisha katika Suratul Baqara, aya ya 233: inazungumzia hata suala la kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda wake kutimia, nayo inataka liwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa maziwa ya mtoto yanahitaji mashauriano, itakuwaje safari ya mama yake, au siku yake ya kwanza ya shule?

Na tukumbuke siku ya Hudaybiya. Masahaba walikuwa na huzuni kwa kuzuiwa kuingia Makka, na walipoamrishwa wachinje na wanyoe, hawakuinuka. Mtume (s.a.w.) akaingia hemani kwa mkewe, Bi Ummu Salama (r.a.), akamweleza. Mkewe akamshauri atoke bila ya kusema na yeyote, achinje mnyama wake na anyoe. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, anayeteremshiwa wahyi, naye amesikiliza rai ya mkewe katika jambo la umma. Sisi tusioteremshiwa chochote, twajivunia nini kuamua peke yetu?

Mashauriano hayamaanishi kwamba mke atapata kila alitakalo. Yawezekana wakakaa, wakapima, na mke mwenyewe akasema: mwaka huu nitabaki na mtoto. Yawezekana mume akasema: nenda, mimi nitamshika mkono mpaka darasani, na jioni tutakupigia simu akusimulie. Yote mawili ni ushindi wa nyumba. Kinachovunja nyumba ni jibu lililotolewa bila ya mazungumzo, na likatolewa baada ya mwenziwe kukwisha kufunga sanduku.

Masharti ya akdi

Lipo jambo jingine ambalo wanawake wa Iran wamelitumia, nalo lina asili katika fiqhi yetu sote. Kanuni ya Madai ya nchi hiyo, ibara ya 1119, inawaruhusu wanandoa kuweka masharti ndani ya mkataba wa ndoa maadamu hayapingani na maumbile ya ndoa yenyewe. Kwa njia hiyo wapo mabinti wanaoafikiana na wachumba wao mapema, mbele ya mashahidi, kwamba mume ametoa idhini ya safari tangu siku ya akdi, au kwamba mke ataendelea na masomo au kazi yake.

Kwetu Masunni, mlango huu haukufungwa. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa kesi ya mume aliyemwoa mwanamke kwa sharti la kubaki nyumbani kwake, kisha akataka kumhamisha, Umar akahukumu kwamba mke ana haki ya sharti lake. Imam Ahmad bin Hanbal amelishika hilo, na kwa madhehebu yake sharti la halali lenye manufaa kwa mke hutimizwa, na likivunjwa mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ndoa husihi, lakini sharti la kumzuia mume asitumie haki yake halimfungi kwa nguvu ya hukumu. Khitilafu hiyo ifahamike, ili asije mtu akadhani karatasi peke yake yatosha. Hata hivyo, hakuna madhehebu yaliyohalalisha kuvunja ahadi kwa makusudi. Mume aliyeahidi mbele ya walii na mashahidi, kisha akageuka, atakuwa na la kujibu mbele ya Mola wake hata kama hana la kujibu mbele ya kadhi.

Katika kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, hupitia mikononi mwangu fomu za ndoa. Mahari huandikwa kwa uangalifu mkubwa, hadi idadi ya vikombe. Majina ya mashahidi huhakikiwa mara mbili. Lakini ukiwauliza bwana na bibi harusi kama wana makubaliano yoyote kuhusu masomo, kazi, safari au makazi, wengi hutazamana kama watu walioulizwa habari za nchi ya mbali. Mchumba anajua rangi ya shela; hajui kama mwenziwe atakubali amalizie chuo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, wazazi wenye mabinti wenye vipaji, viwe vya mpira, vya hisabati au vya udaktari, wasikifiche kipaji hicho anapokuja mposaji. Mposaji aambiwe wazi kwamba binti huyu husafiri na timu, au atasoma miaka mitatu zaidi. Anayekubali na akubali kwa moyo mweupe, na asiyeweza aage kwa heshima. Posa inayovunjika kwa ukweli ni nafuu kuliko ndoa inayovunjika kwa mshangao.

Pili, wachumba wamwendee sheikh au kadhi kabla ya siku ya akdi, wamweleze walilokubaliana, awaambie lipi lina nguvu ya sharti na lipi ni ahadi ya kiungwana. Suala la safari lizungumzwe hapo kwa kina, pamoja na la mahram. Wanavyuoni wa Kishafi wamemruhusu mwanamke kutoka kwenda Hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Ama safari nyinginezo zina maneno mengi, na kila moja huangaliwa kwa lengo lake, wenzake wa safari na usalama wa njia. Timu inayosafiri na walezi wa kike wanaojulikana si sawa na timu isiyojulikana italala wapi. Mzazi au mume ana haki ya kuuliza hayo, na viongozi wa timu wana wajibu wa kumjibu.

Tatu, kwa waliokwisha kuoana na hawakuafikiana lolote: hamjachelewa. Anzeni kwa kuweka kalenda moja mezani. Andikeni safari ya mke, safari ya mume, mitihani ya watoto, na siku ya kwanza ya mtoto shuleni. Zikigongana tarehe mbili, mtaziona zikiwa bado mbali, na mtapata nafasi ya kuziamulia bila ya hasira.

Wapo watakaosema: mwandishi, ukiyasema haya unawafungulia wake mlango wa kuasi. Nawajibu kwa upole kwamba mke aliyesikilizwa ndiye anayetii kwa moyo, na mume anayeshauriana hapungukiwi na cheo chake. Cheo cha Mtume (s.a.w.) hakikupungua kwa rai ya Bi Ummu Salama. Wala mume atakayemshika mkono mtoto wake siku ya kwanza ya shule, ili mama yake atimize aliyoahidi kwa wenzake, hatapungua kitu mbele ya mtoto yule. Mtoto atakua akijua kwamba wazazi wake walibebeana.

Na wapo watakaosema: mbona umeuacha mpira ukaenda kwenye ndoa? Kwa sababu kumbi hujengwa, hijabu hushonwa, na sheria za FIFA zimekwisha kubadilishwa. Hayo yalihitaji miaka na fedha, nayo yamepatikana. Lililombakisha nahodha wa Iran nyumbani siku timu yake inatwaa kombe halikuhitaji miaka wala fedha; lilihitaji watu wawili wakae chini na kuzungumza kabla ya siku kufika. Hilo ndilo lililo mikononi mwetu, tuwe na binti mchezaji au tusiwe naye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za utulivu, mapenzi na huruma, awahifadhi mabinti zetu wanaokaa na wanaosafiri, na awape waume zetu na wake zetu ndimi za upole na masikio ya kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.